Kuhamishia rejista ya meli na vyeti vya mabaharia kwenye mfumo wa kompyuta: mwongozo kwa mamlaka za bahari

Mamlaka inayosajili meli na kutoa vyeti kwa mabaharia hutunza kumbukumbu ambazo watu wa mbali huzitegemea bila kuziona: benki inayokopesha kwa rehani ya meli, kampuni inayotaka kumwajiri ofisa wa zamu, na mkaguzi wa bandari ya ugenini anayepanda melini usiku wa manane na kutaka kujua kama cheti alichoonyeshwa ni halali. Mwongozo huu unaeleza hatua za kuhamisha kumbukumbu hizo kutoka kwenye madaftari na majedwali ya kompyuta kwenda kwenye mfumo mmoja. Umeandikwa kwa ajili ya msajili wa meli, mkuu wa kitengo cha mabaharia na msimamizi wa teknolojia, na msimamo wake ni mmoja: rejista ni ushahidi kabla ya kuwa huduma. Programu inayoharakisha utoaji wa vyeti lakini haiwezi kueleza rejista ilisomekaje tarehe fulani ya miaka iliyopita haifai kununuliwa, hata iwe na sura ya kuvutia namna gani.

Hatua ya kwanza: Anza na sheria, si na skrini

Kabla ya kuandaa zabuni, kusanya sheria ya usafiri wa majini ya nchi, kanuni zake, fomu zote zinazotumika na jedwali la ada, kisha andika kwa kila fomu ni kifungu kipi kinachoidai, nani anaipokea, nani anaiamua na hati gani hutoka mwishoni. Kazi hii huonekana ya kuchosha, lakini ndiyo inayofichua fomu zisizo na msingi wa kisheria na maamuzi ambayo hufanywa kwa mazoea tu. Fomu ya namna hiyo ikiingizwa kwenye programu, mazoea hugeuka kuwa kanuni bila mtu yeyote kuyapitisha.

Upande wa meli, msingi wa kimataifa ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao katika Ibara ya 94 unaitaka kila nchi kutunza rejista yenye majina na maelezo ya meli zinazopeperusha bendera yake, na katika Ibara ya 92 unataka meli isafiri chini ya bendera ya nchi moja tu. Upande wa mabaharia, msingi ni Mkataba wa STCW wa 1978, unaoweka viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, hasa baada ya marekebisho ya Manila ya 2010 yaliyoanza kutumika Januari 1, 2012, pamoja na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 ulioanza kutumika Agosti 20, 2013.

Rejista hizi mbili zinakaa chini ya mamlaka moja lakini asili yake ni tofauti. Rejista ya meli, katika nchi nyingi, ni rejista ya mali: inaonyesha mmiliki, hisa na rehani. Rejista ya mabaharia ni kumbukumbu ya sifa za mtu, na sehemu yake kubwa ni taarifa binafsi. Muuzaji anayedai kwamba jedwali moja na utaratibu mmoja wa kuidhinisha vinatosha kwa zote mbili hajaielewa kazi, na ni afadhali kumgundua mapema.

Hatua ya pili: Weka vitambulisho visivyobadilika

Jina la meli hubadilika, mmiliki hubadilika, bendera hubadilika, na bendera ikibadilika, alama ya mwito wa redio na namba ya MMSI, yaani ile inayoitambulisha meli kwenye redio, hubadilika pia, kwa kuwa tarakimu tatu za mwanzo za MMSI hutaja nchi. Kitu pekee kinachoifuata meli tangu kujengwa hadi kuvunjwa ni namba ya IMO. Mpango wa namba hizo ulipitishwa na Shirika la Bahari Duniani (IMO) mwaka 1987, ukawa wa lazima mwaka 1996 kwa meli za abiria zenye ujazo jumla (kipimo cha ukubwa wa meli) wa 100 na zaidi na meli za mizigo zenye 300 na zaidi. Kwa hiyo namba ya IMO, pale inapokuwepo, ndiyo iwe ufunguo wa kutafutia. Meli ndogo zisizo nayo zitambuliwe kwa namba rasmi ya rejista, ambayo isitolewe kamwe kwa chombo kingine hata baada ya meli kufutwa.

Mfumo uikague namba ya IMO mara inapoingizwa. Namba hiyo ina tarakimu saba, na ya saba ni ya uhakiki: sita za mwanzo huzidishwa kwa mpangilio na 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha tarakimu ya mwisho ya jumla ndiyo inayopaswa kuwa ya saba. Chukua 9074729: 63, 0, 35, 16, 21 na 4 vinatoa 139, na 9 inalingana. Karani akigeuza 4 na 7 akaandika 9077429, jumla inakuwa 142 na mfumo unakataa. Hata hivyo akikosea tarakimu ya tatu akaandika 9094729, jumla inakuwa 149, mwisho wake ni 9 vilevile, na kosa linapita kimya. Ndiyo sababu hesabu hii ichukuliwe kuwa kichujio cha kwanza tu. Baada yake ofisa alinganishe jina, mwaka wa kujengwa na ujazo wa meli na kumbukumbu zilizo kwenye mfumo wa taarifa wa IMO unaoitwa GISIS, na mfumo uandike kwamba ulinganisho huo ulifanyika, lini, na nani.

Kwa baharia, mpe namba moja ya kudumu siku anapofunguliwa jalada, na usitumie namba ya pasipoti kuwa ufunguo, kwa sababu pasipoti hubadilishwa. Hifadhi jina kama lilivyo kwenye hati ya kusafiria, pamoja na majina mengine aliyowahi kutumia.

Hatua ya tatu: Hifadhi matukio, usifute hali

Hapa ndipo mifumo mingi inaposhindwa. Mtengenezaji asiyeijua kazi hii huweka sehemu iitwayo "mmiliki", na meli inapouzwa karani hufuta jina la zamani na kuandika jipya. Mfumo unaofaa hufanya kinyume: kila badiliko ni tukio lenye namba yake, tarehe lilipotokea, tarehe na saa lilipoandikishwa, hati iliyolithibitisha na ofisa aliyeliidhinisha, na hali ya sasa ya meli hupatikana kwa kuyasoma matukio hayo yote kwa mfuatano. Makosa nayo husahihishwa kwa tukio jipya la masahihisho linalotaja tukio lenye kosa, bila kulifuta.

Tarehe mbili hizo zisichanganywe. Meli inaweza kuuzwa Machi 3 na mauzo yakaandikishwa Machi 20, na katika siku hizo 17 jibu la swali la nani mmiliki hutegemea anayeuliza na sheria anayoiegemea. Katika rehani jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu katika rejista nyingi kipaumbele cha wadai hufuata mpangilio wa kuandikishwa na si tarehe ya kusainiwa. Benki mbili zikileta hati siku moja, saa na dakika ya kuandikishwa ndiyo itakayoamua nani alipwe kwanza. Basi muda huo utoke kwenye saa ya seva iliyosawazishwa, na asiwepo mtu, hata msimamizi mkuu wa mfumo, mwenye uwezo wa kuuandika kwa mkono.

Kipimo rahisi cha kumjaribu muuzaji ni kumpa meli moja ya kubuni yenye mauzo mawili, rehani tatu ambazo moja imeondolewa, badiliko la jina na badiliko la ujazo baada ya matengenezo makubwa, kisha kumwomba atoe nakala ya rejista kama ilivyokuwa katika tarehe tano tofauti. Akiomba wiki mbili za kuandaa ripoti maalumu, jibu umelipata.

Hatua ya nne: Panga mtiririko wa usajili wa meli

Mtiririko wa kawaida huanza na kuhifadhi jina, ukafuata ushahidi wa umiliki, cheti cha kufutwa kwenye rejista ya awali kwa meli iliyotumika, upimaji wa ujazo kwa mujibu wa Mkataba wa Upimaji wa 1969, usajili wa muda pale sheria inaporuhusu, na hatimaye usajili wa kudumu. Mfumo usimzuie mwombaji kuwasilisha nyaraka kwa mpangilio wowote, lakini umzuie ofisa kutoa hati kabla masharti hayajakamilika. Cheti cha kufutwa ndicho kisichokubali mzaha, kwani bila hicho meli inaweza kujikuta kwenye rejista mbili. Kuna nakala za kughushi zinazozunguka, hivyo kithibitishwe moja kwa moja na rejista iliyokitoa, na jibu lake liambatishwe kwenye jalada.

Meli iliyokodishwa tupu, yaani bila mabaharia, na kupewa bendera ya nchi nyingine kwa muda wa mkataba, inahitaji hali yake yenyewe ndani ya mfumo. Umiliki na rehani hubaki kwenye rejista ya asili huku haki ya kupeperusha bendera ya asili ikisimamishwa. Mfumo unaojua maneno mawili tu, "imesajiliwa" na "imefutwa", utamlazimisha msajili kudanganya.

Usiisahau Kumbukumbu Endelevu ya Historia ya Meli, ijulikanayo kwa kifupi CSR, ambayo Mkataba wa SOLAS, wa usalama wa maisha baharini, unaidai kwa meli za abiria na meli za mizigo zenye ujazo jumla wa 500 na zaidi zinazosafiri kimataifa. Nyaraka zake hupewa namba kwa mfuatano, na mfuatano huo huendelea hata meli ihamie bendera mpya. Meli iliyokuja na nyaraka nne hupewa ya tano, wala haianzi upya na ya kwanza. Badiliko likitokea, toleo jipya litolewe mapema iwezekanavyo, bila kupita miezi mitatu. Ikiwa matukio yamehifadhiwa kama ilivyoelezwa katika hatua ya tatu, mfumo unaweza kuandaa toleo hilo wenyewe na kumkumbusha ofisa kabla muda haujaisha.

Hatua ya tano: Fundisha mfumo kanuni za vyeti vya mabaharia

Gawanya hati katika makundi yake tangu mwanzo: vyeti vya umahiri vya manahodha, maofisa na wahandisi, vyeti vya ustadi kama vile vya mafunzo ya msingi ya usalama, hati za kutambua vyeti vilivyotolewa na nchi nyingine, na vyeti vya afya. Kila kundi lina saa yake. Cheti cha afya hudumu kwa miaka miwili isiyozidi, mwaka mmoja kwa aliye chini ya miaka 18, na kipimo cha kutofautisha rangi hudumu hadi miaka sita. Cheti cha umahiri huhuishwa kila baada ya miaka mitano isiyozidi, na njia mojawapo ya kuhuisha ni kuthibitisha utumishi baharini wa miezi 12 katika miaka mitano iliyopita au miezi mitatu katika miezi sita iliyopita.

Hati ya kutambua cheti cha kigeni haidumu kuliko cheti inachokitambua, na kwa vyovyote haivuki miaka mitano. Kwa hiyo ofisa asiandike tarehe ya mwisho kwa mkono, bali mfumo uchague iliyo karibu zaidi kati ya tarehe ya mwisho ya cheti cha asili na ukomo wa miaka mitano. STCW inamruhusu baharia mwenye cheti halali cha kigeni kutumika kwa miezi mitatu isiyozidi wakati ombi lake la utambuzi linasubiri, mradi awe na uthibitisho wa kuomba. Uthibitisho huo nao ni hati. Upewe namba, tarehe ya mwisho na ukurasa wa kuhakiki kama hati nyingine, maana mkaguzi atauomba.

Hesabu ya utumishi baharini inastahili muda mwingi kuliko inavyopewa. Tuseme baharia analeta kitabu chake kinachoonyesha kuwa alitumika kwenye meli moja tangu Januari 10 hadi Julai 9, pamoja na barua ya kampuni nyingine inayosema alitumika kwao tangu Julai 1 hadi Oktoba 31 ya mwaka huohuo wa siku 365. Kipindi cha kwanza kina siku 181, cha pili 123, na mfumo unaojumlisha tu utampa siku 304. Lakini Julai 1 hadi 9 zimehesabiwa mara mbili, na idadi halisi ni 295. Kupunguza siku tisa peke yake hakutoshi, kwa kuwa mtu hawezi kuwa kwenye meli mbili kwa wakati mmoja, na mwingiliano huo unaweza kuwa kosa la kalamu au dalili ya barua ya kughushi. Mfumo usimamishe ombi, uonyeshe siku zinazogongana, na umwachie ofisa kuwasiliana na kampuni kabla ya kuamua.

Kila kipindi cha utumishi kibebe pia cheo, eneo la safari, ujazo wa meli na nguvu za injini, kwa kuwa viwango vya STCW hutenganisha vyeti kwa mipaka kama ujazo jumla wa 500 na 3,000 kwa maofisa wa sitaha, na kilowati 750 na 3,000 kwa wahandisi. Hapa rejista mbili zinaponufaishana: kwa meli za bendera yenu, ujazo na nguvu za injini visomwe kutoka rejista ya meli kama vilivyokuwa wakati baharia alipotumika. Meli iliyorefushwa miaka miwili baadaye isimpandishe aliyekwisha kushuka.

Hatua ya sita: Safisha kumbukumbu za zamani kabla ya kuzihamisha

Kazi hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopangiwa muda mdogo kuliko zote. Muuzaji huahidi kuhamisha kumbukumbu, lakini anachomaanisha ni kunakili majedwali. Uamuzi wa kwamba majalada mawili ni ya mtu mmoja, au kwamba rehani ya zamani ilikwisha kulipwa ingawa haikuondolewa, ni wa mamlaka peke yake.

Anza na vilivyo hai: meli ambazo hazijafutwa, vyeti ambavyo havijaisha muda, rehani ambazo hazijaondolewa. Piga picha kurasa za madaftari kwa ubora unaosomeka na uziambatishe kwenye majalada, ili ofisa anayelitilia shaka ingizo aweze kuona mwandiko wa awali palepale. Kila ingizo liandikwe na mtu mmoja na kuhakikiwa na mwingine dhidi ya picha, si dhidi ya jedwali. Pasipo na uhakika, weka alama ya "haijathibitishwa" na uache pengo. Tarehe ya kubahatisha, kama ile Januari 1 ambayo makarani huiweka pale siku ya kuzaliwa isipojulikana, itafanana na tarehe ya kweli mara itakapoingia, na hakuna atakayeikumbuka.

Majalada pacha ya mabaharia yatafutwe kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na picha kwa pamoja, kwa kuwa jina moja huandikwa kwa tahajia tatu na watu wawili hushiriki jina moja. Kuunganisha kuwe tukio linaloweza kutenguliwa. Kufuta jalada moja kwa kulidhania pacha ni kumnyima mtu kazi akiwa katikati ya bahari, asipoweza hata kuja ofisini kulalamika.

Hatua ya saba: Gawanya madaraka ndani ya mfumo

Anayepokea ombi asiwe anayeidhinisha, anayeidhinisha asiwe anayechapisha, na fundi wa mfumo asiwe na uwezo wa kutoa cheti chochote. Kila mtu awe na akaunti yake, yenye uthibitisho wa pili mbali na nenosiri. Taarifa za daktari zibaki kwa daktari, na mamlaka ihifadhi matokeo, mipaka iliyowekwa na tarehe. Kitabu cha matendo kinachorekodi nani aliona au kugusa nini kihifadhiwe mahali ambapo wasimamizi wa mfumo hawafiki, kwani cheti cha kughushi kinachouzwa ghali zaidi ni kile kilichotolewa na mfumo halisi kwa mkono wa mtumishi halali.

Hatua ya nane: Toa vyeti vinavyohakikiwa kutoka popote

Tangu Januari 1, 2017, STCW inazitaka nchi ziweke wazi kwa njia ya kielektroniki, kwa Kiingereza, taarifa za hali ya vyeti zilivyotoa. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 1, 2025 yanatambua vyeti vya mabaharia vya kielektroniki. Miongozo ya IMO inataka cheti cha namna hiyo kilindwe dhidi ya kubadilishwa, kiwe na namba ya pekee ya kufuatilia, na kiwe na alama inayoonekana ya kuthibitisha chanzo chake hata kikichapishwa.

Ukurasa wa kuhakiki uonyeshe namba ya cheti, jina la mwenye nacho, cheo na mipaka, tarehe ya mwisho na hali yake ya sasa, basi. Namba za vyeti zisifuatane kiasi cha mtu kubadilisha tarakimu ya mwisho na kuvuna orodha nzima ya mabaharia. Msimbo wa QR peke yake hauthibitishi kitu, kwa kuwa mghushi huweka wake unaofungua ukurasa wake unaofanana na wenu. Hivyo anwani rasmi ya mamlaka iandikwe kwa herufi juu ya cheti na isibadilishwe kila mradi mpya unapoanza. Cheti kilichositishwa au kufutwa kibaki kikionekana na hali yake, kwa sababu ukurasa unaojibu "hakipatikani" humwacha mkaguzi akidhani mtandao ndio mbovu.

Hatua ya tisa: Endesha sambamba, kisha funga daftari

Daftari na mfumo viendeshwe pamoja kwa kipindi kifupi chenye tarehe ya mwisho iliyotangazwa. Kipindi kirefu huzalisha rejista mbili zinazopingana, na mahakamani wakili atachagua inayomfaa mteja wake. Siku ya kuvuka, msajili afunge daftari kwa maandishi na saini, na sheria au kanuni iwe tayari imeutaja mfumo kuwa rejista. Andaa pia utaratibu wa siku ambayo umeme au mtandao utakatika: fomu za karatasi zenye namba zilizotengwa mapema, na saa ya kupokea iandikwe mbele ya mwombaji. Nakala rudufu zijaribiwe kwa kurejeshwa kwenye seva nyingine tupu, kwani taarifa ya kwamba nakala imefanikiwa haionyeshi kama inafunguka.

Hatua ya kumi: Andika mkataba unaowezesha kuondoka

Meli inaweza kuishi miaka thelathini na zaidi, baharia anaweza kufanya kazi kwa miaka arobaini, na kampuni za programu hununuliwa au kufungwa ndani ya muda huo. Mkataba useme kwamba kumbukumbu zote, pamoja na historia ya matukio, picha za hati na kitabu cha matendo, ni mali ya mamlaka, na kwamba hutolewa zikiombwa katika muundo unaosomeka bila programu ya muuzaji. Useme pia nani atarekebisha kanuni za mfumo pindi mikataba ya kimataifa inapobadilishwa, na kwa gharama ya nani. STCW inadai tathmini huru ya mfumo wa ubora angalau kila baada ya miaka mitano, hivyo ripoti zitakazohitajika na watathmini ziorodheshwe tangu mwanzo badala ya kulipiwa upya kila mara. Kifungu cha kutoa kumbukumbu kijaribiwe kabla ya malipo ya mwisho: muuzaji akabidhi rejista nzima, mafundi wa mamlaka waifungue kwenye kompyuta isiyo na programu yake, na msajili achague majalada machache kwa kubahatisha na kuyasoma tukio kwa tukio, dhidi ya picha za daftari.